Sina Mtaji, Nijiongeze na Nini?

Swali hili limenifikia kwa sura nyingi. Kijana aliyemaliza chuo anaandika kwamba kila mtu anamwambia ajiongeze, naye hajui ajiongeze na nini wakati mfuko mtupu. Mama wa genge anauliza kama wenzake wanaopata upenyo kila siku walizaliwa na akili hiyo. Fundi anayeanza analalamika kwamba hana vifaa. Ninyi nyote mnauliza jambo moja, na ninaamini lina jibu.

Kujiongeza ni ujuzi, na hujengwa kama ujuzi wa cherehani: unarudia mambo machache yaleyale mpaka mkono unazoea. Mambo hayo ni kuitaja shida vizuri, kujua ulicho nacho, kuuliza wanaojua, na kujaribu kwa gharama ndogo. Pesa ina nafasi yake, ila wengi wetu huitaja mapema mno, kabla hatujajua tunaihitaji kwa kazi gani.

Itaje shida, usitaje kitu

Ukimuuliza mtu amekwama wapi, atakutajia kitu: sina kompyuta, sina friji, sina fremu. Ukishasema hivyo, njia imebaki moja tu, kununua. Rudi nyuma, jiulize kitu hicho kingekufanyia kazi gani, halafu itaje kazi hiyo pamoja na muda wake.

- "Sina kompyuta" huenda ni "nahitaji barua ya maombi ya kazi iwe imetumwa kabla ya Ijumaa." Hapo kuna simu yako, kuna steshenari, kuna maktaba ya mkoa, kuna ofisi ya jirani baada ya saa za kazi.
- "Sina fremu" huenda ni "nahitaji wapita njia wanione kuanzia saa kumi na mbili jioni." Basi yupo mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayefunga saa kumi na moja, na kibaraza chake kinakaa bure usiku kucha.
- "Sina friji" huenda ni "nahitaji nyanya zikae siku tatu bila kuoza." Unaweza kugawana tenga na mwenzako, ukanunua kidogo kila asubuhi. Unaweza pia kuweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati ukajaza mchanga unaoulowesha kila siku, juu ukafunika kitambaa kibichi. Njia hii inafaa Dodoma na Singida kwenye hewa kavu. Tanga au Mombasa, penye unyevu mwingi, maji hayakauki haraka na chungu hakipoi vya kutosha, kwa hiyo usihangaike nayo.

Mfano wa nyanya una somo ambalo wengi hulikosa. Njia iliyomfaa mwenzako haikufai mpaka ujue kwa nini ilimfaa.

Nataka nikae kidogo kwenye mfano wa mkaa, maana barua za mkaa ni nyingi. Bei imepanda na maharage yanakula mkaa. Tuitaje shida: maharage yanahitaji joto kwa muda mrefu, lakini hayahitaji moto muda wote huo. Joto likishaingia kwenye sufuria, kazi iliyobaki ni kulizuia lisitoke. Fanya hivi:

1. Loweka maharage usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo.
2. Weka maji mapya, yachemshe kwa moto mkali, yatokote kweli kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Sufuria iwe karibu kujaa, na mfuniko ubane.
3. Tandika kapu kubwa au boksi kwa blanketi kuukuu au nguo za mtumba zilizochakaa, unene wa kiganja kila upande, chini na juu.
4. Epua, tumbukiza sufuria humo mara moja, funika kabisa.
5. Usifungue kwa saa tatu au nne. Kila ukichungulia unatoa joto ulilolilipia.
6. Yatoe, yarudishe motoni yachemke tena, kisha unga.

Hatua ya pili na ya sita hazina mjadala. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo joto la polepole haliiondoi, inaondolewa na kutokota. Na chakula kilichobaki vuguvugu kwa saa nyingi ni mahali wadudu wa maradhi wanapozaliana. Ukiruka hatua hizo mbili, mkaa uliookoa utaishia kwenye gharama za zahanati.

Daftari la ulivyo navyo

Nunua daftari dogo. Ligawe kurasa nne na usiandike kitu cha kusifia, andika kilichopo.

Vitu. Hesabu na vibovu. Redio iliyokufa ina spika, sumaku na skrubu. Tyubu ya baiskeli iliyochanika hukatwa kamba za kufungia mzigo, na vipande vyake vidogo huziba bomba linalovuja mpaka ununue washa. Ukitaka kuona ukurasa huu ulivyo kazini, nenda Kariakoo ukasimame dakika chache mbele ya meza ya fundi simu. Chini ya kioo cha meza, au kwenye makopo pembeni, ana simu zilizokufa, na kila moja anajua ya aina gani na imebakiza nini kizima: hii kioo, hii spika, ile mfumo wa chaji. Mteja anaona takataka. Fundi anaona stoo ambayo hakuilipia kodi.

Ujuzi. Andika hata usichokiita ujuzi: kuongea Kisukuma, kupika kwa watu hamsini, kuandika kumbukumbu za kikao, kutuliza watoto, kujua njia za daladala zote za Mbagala.

Watu. Huu ndio ukurasa tajiri kuliko yote, na ndio watu huuacha mtupu. Usiandike matajiri unaowatamani. Andika unaosalimiana nao: fundi seremala wa mtaani, mwalimu wako wa darasa la saba, mjumbe, dereva wa lori anayekwenda Mbeya kila wiki, dada wa duka la dawa. Mbele ya kila jina andika anachokijua, na kitu kimoja ulichowahi kumfanyia. Kama hapo mbele huna cha kuandika, umeshajua pa kuanzia.

Muda na mahali. Saa zipi uko huru kweli? Ua wako una kivuli? Nyumba yenu iko njiani kuelekea shule?

Kosa la kawaida ni kulijaza daftari hili siku moja kwa shauku na kulitupa kabatini. Lipitie kila unapokwama, kabla ya kupiga simu ya kukopa. Kosa lingine ni kuligeuza ruhusa ya kurundika vitu. Kama kitu kimekaa mwaka mzima na hujui kitafanya kazi gani, kiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Kijana wa Malawi, na yale yasiyosimuliwa

Wengi mmesikia habari za William Kamkwamba wa Malawi. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 iliibana nchi yake, wazazi wakashindwa ada, naye akatolewa sekondari ikiwa ndiyo kwanza ameianza. Akiwa na miaka 14 akatengeneza kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Hadithi husimuliwa kana kwamba kijana alikaa peke yake na kipaji chake, na msomaji anafunga ukurasa akijiona hana hicho kipaji. Tazameni hatua zake tena.

- Aliingia maktaba ndogo ya shule ya msingi kijijini. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, hivyo akaanza na michoro, kisha akatafuta maneno yaliyoieleza.
- Kabla ya hapo alikuwa ameshazoea kufungua na kurekebisha redio na ndugu yake. Mkono ulikuwa na mazoezi.
- Vyuma alivitoa kwenye chakavu: feni ya trekta, fremu ya baiskeli. Mbao za mnara zilitoka kwenye mikaratusi.
- Pesa ya kumlipa mchomeleaji aliipata kwa kibarua cha kupakia kuni kwenye gari.
- Dainamo, kitu kimoja ambacho hakuweza kukitengeneza, ilinunuliwa na rafiki yake.

Yupo rafiki, yupo ndugu, yupo mchomeleaji, yupo aliyeijaza maktaba ile vitabu. Na kuna jambo la mwisho ambalo mimi hulipenda zaidi. Nyaya zilipogusana na kuleta hatari ya moto, alitengeneza kikata umeme kwa misumari, waya na sumaku. Alijiongeza mpaka kwenye usalama, sehemu ambayo wengi wetu huiacha mwishoni.

Namna ya kuuliza bila kuchosha watu

Kuuliza si ujinga, lakini kuna kuuliza kunakofungua mlango na kuna kunakoufunga. Anayesema "kaka nisaidie, nimekwama" anampa mwenzake kazi ya kwanza ya kuchimbua shida ni ipi. Mwenye shughuli zake atasema "tutaongea", na hamtaongea.

Jaribu hivi: "Shikamoo, mzee. Nimekuja kujifunza kidogo kama una nafasi. Nataka meza isiyotikisika, nimejaribu kuongeza misumari ikapasuka mbao. Ungekuwa wewe ungeanzia wapi?" Humo mna heshima, shida iliyotajwa, ushahidi kwamba umeshajaribu, na swali dogo linalojibika akiwa amesimama.

Zingatia haya pia:

- Chagua saa. Fundi usimwendee Jumamosi asubuhi wateja wamempanga foleni. Mwendee anapokula au anapofunga.
- Mkono mtupu haulambwi. Kama huna pesa, fagia karakana, shika mbao anapokata, mpelekee mzigo.
- Uliza walioshindwa. Aliyefuga kuku wakafa wote atakufundisha chanjo kuliko anayejisifia banda.
- Rudisha majibu. Ukishauriwa, rudi useme kilichotokea, hata kama hakikufanikiwa. Watu huchoka na wanaochukua ushauri na kupotea, na hao ndio wengi.
- Usiulize watu kumi swali moja ukitafuta atakayekupa jibu ulilolitaka.

Jaribu kwa udogo

Dada anataka kuuza juisi ya ubuyu. Ushauri anaopewa na wengi ni akope, anunue jokofu, achape lebo. Mimi ningemwambia atengeneze ndoo moja ndogo, anunue barafu kwa jirani, aende getini pa shule au kwenye kituo cha bodaboda kwa wiki moja. Kabla hajaenda aandike mambo matatu: anategemea kuuza vikombe vingapi, yuko tayari kupoteza shilingi ngapi, na akiona nini ataacha. Maji ayachemshe, hilo halina majaribio.

Jambo la tatu ndilo linalowashinda watu. Bila kuandika mapema utaacha lini, kila hasara itaonekana ni ya leo tu na kesho itakuwa nafuu. Pesa ya VIKOBA, ada ya mtoto na kodi ya nyumba si pesa za kujaribia, hata kama wazo ni zuri namna gani.

Na ukifanya kiraka, kipe tarehe. Kipande cha tyubu kwenye bomba ni cha wiki hii. Andika kwenye daftari siku ya kununua washa yenyewe. Nyumba nyingi zinaharibika kwa viraka vizuri vilivyosahauliwa.

"Lakini wewe huijui hali yangu"

Nazijibu hoja zinazorudi zaidi.

Mimi sikusoma. Bernard Kiwia wa Arusha alikuwa fundi baiskeli kabla ya kujulikana kwa vifaa anavyobuni, ikiwemo chaja ya simu inayoendeshwa kwa baiskeli. Kama ujuzi wako umeupata mtaani na unataka karatasi, VETA ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Uliza chuo kilicho karibu nawe.

Nikibuni, wenzangu wanaiga. Wataiga, ndivyo soko lilivyo. Kitu kinachoigwa kwa siku moja usikitegemee kwa mwaka. Jenga kile kisichoigika haraka: wateja wanaokuamini, usafi, kutunza ahadi ya muda.

Hii si njia ya kumwachia mwananchi mzigo wa serikali? Hoja hii naiheshimu. Bomba la mtaa likikauka, kazi yako si kubuni namna ya kuishi bila maji. Kwenda ofisi ya serikali ya mtaa, kuandika barua, kukusanya sahihi za majirani na kufuatilia ni kujiongeza pia, tena kwa faida ya wengi. Na haki zenu zimo kwenye hesabu ya mlivyo navyo. Halmashauri za Tanzania zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata masharti ya sasa, usimuulize dalali. SIDO nayo ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na kuingia kuuliza hulipi kitu.

Kufanya mwenyewe kunanimalizia muda. Unaweza kuwa sahihi. Kama unatumia siku mbili kurekebisha kitu ambacho fundi angekimaliza kwa ujira wa nusu siku yako, mpe fundi. Anayejua kujiongeza anajua pia kulipa.

Mahali pa kutojiongeza kabisa

Hapa nasema kwa ukali, maana vifo vinavyotokana na mengi ya haya vinazuilika.

- Fyuzi iliyokatika usiiwekee waya au karatasi ya sigara. Ilikatika ili nyumba isiungue.
- Mpira wa gesi uliopasuka usiufunge kwa utepe wala kipande cha tyubu. Badilisha.
- Jiko la mkaa usilale nalo ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa baridi ya Iringa. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua mtu usingizini.
- Vidumu vilivyobeba dawa za shamba usivitumie kwa maji wala mafuta ya kula, hata uvioshe mara ngapi.
- Dawa zilizobaki za mwenzako si zako. Dozi haigawanywi nusu kwa nusu.
- Breki za pikipiki usizifanyie ubunifu.
- Televisheni za kioo kinene na maikrowevu zinaweza kubaki na umeme ndani hata zikiwa zimechomolewa. Mwachie fundi.
- Cheti cha kununua, risiti ya kughushi na "kumpoza" ofisa si kujiongeza. Ni kujiingiza mikononi mwa watu watakaokudai siku zote.

Kwa wazazi mnaouliza kuhusu watoto

Swali lenu ni namna ya kumlea mtoto awe na akili hii. Ninachowaomba kwanza ni kuchelewa. Mtoto akija na kandambili iliyokatika, msikimbilie kuitengeneza wala kununua nyingine. Muulizeni, "Unadhani tufanyeje?" kisha mnyamaze, hata jibu likikawia. Akitoa wazo baya lisilo na hatari, mwacheni alijaribu.

- Mtumeni dukani na pesa isiyotosha vyote, arudi aeleze alichochagua na kwa nini.
- Gari lake la makopo au mpira wa makaratasi usidharauliwe mbele ya wageni kwa kuwa wa jirani ana la dukani.
- Akivunja kitu akijaribu kukitengeneza, asiadhibiwe kama aliyevunja kwa utundu. Mkae naye mtafute kilichokosewa.
- Mpeni nafasi ya kushinda karakana ya mtu mnayemwamini wakati wa likizo, na mkapajue kwanza wenyewe.

Kama nyumbani kuna redio ndogo mbovu ya betri, toeni betri, mpeni na bisibisi na sahani ya kuwekea skrubu. Mwambieni achore kila kitu kilipokuwa kabla hajakitoa. Asipoweza kuirudisha, pelekeni vipande pamoja na mchoro wake kwa fundi redio, na mtoto ndiye aeleze.